Waliponipima kwa namba 4

Ijumaa iliyopita nilipokea barua: sasa mimi ni Mhadhiri Mwandamizi. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Sioni aibu kulisema, maana miaka mitatu iliyopita niliambiwa sijafika.

Siku ile mjumbe mmoja wa kamati ya kupandisha vyeo alisoma kwa sauti fahirisi yangu ya h, yaani namba inayopima jinsi makala za mtafiti zinavyorejelewa na wengine: 4. Kisha akasoma ya mwenzangu anayetafiti malaria: 19. Basi, mjadala ukaishia hapo. Mimi ni mwanaisimu. Naandika kuhusu Kiswahili, kwa Kiswahili. Bado inaniuma.

Fahirisi hiyo aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na 4, una makala 4 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 4. Makala yangu kuhusu ngeli ilikuwa imerejelewa mara 61, lakini kwa hesabu hiyo haikunisaidia zaidi ya ile iliyorejelewa mara 4. Mwenzangu huandika pamoja na watu ishirini, katika fani yenye majarida tele. Hirsch mwenyewe, katika makala ile ile ya 2005, alieleza kuwa viwango hutofautiana fani kwa fani. Waliotupima wangeisoma tu!

Wadogo zangu mnaoniuliza nilifanyaje: safisheni wasifu wenu wa Google Scholar, tovuti inayoorodhesha makala za kitaaluma na kuhesabu marejeleo yake. Mimi nilikuta makala kadhaa hazimo kwa sababu nilizichapisha kwa jina la nyumbani badala ya la ubatizo. Nilipoziingiza, nikafika 6. Chagua jina moja ulishike. Narudia, jina moja.

Halafu usipeleke namba ikiwa uchi. Kwenye maombi ya pili niliambatisha ukurasa mmoja: nani amenirejelea, na kwa hoja gani. Nikataja na Tamko la Leiden la 2015, mwongozo wa wataalamu kuhusu kupima utafiti kwa takwimu, ambalo kanuni yake ya tatu inalinda utafiti bora wenye umuhimu kwa wenyeji, na ya sita inataka tofauti za fani zizingatiwe. Safari hii walisoma.

Na huo mchezo wa "nirejelee nikurejelee" uacheni kabisa. Unawadhulumu wanaofanya kazi kweli, na mwanafunzi anayefuata marejeleo yenu anapotea.

Mwezi ujao naingia kwenye kamati ile ile. Nimeshaandika kuomba niletewe makala zenyewe za waombaji wote, mapema, nizisome.