Karavati la Serikali, Usukani Wangu

Mwangaluka, ndugu zangu. Wiki iliyopita nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Kaliua, kijana mwenye Noah yake ya kubebea abiria wa vijijini. Kaandika hivi: "Kaka, barabara imekatika, hakuna kibao, hakuna utepe, gari imeingia na mbele yote imekwisha. Naidai serikali au nakula hasara yangu?" Akaambatisha picha tatu. Ile ya Noah niliipita haraka. Ya karavati, kile kidaraja cha zege cha kupitishia maji chini ya barabara, ndiyo iliyoninyima usingizi.

Leo nina magari mawili, na la tatu, Mungu akipenda, linaingia kabla ya msimu wa tumbaku. Sisemi kwa kujisifu (haya, kidogo), ila mjue anayewaandikia kapita huko. Na najua wengi wenu mnakitafuta hicho hicho: gari la kwanza, la pili, halafu siku moja ukae barazani unapokea hesabu za jioni. Basi nisikilizeni, maana mimi nusura niishie kwenye la kwanza.

Ilikuwa Februari 2021. Nilikuwa na Canter moja ya mkopo, imebakiza marejesho ya miezi saba. Siku hiyo nilipakia Tabora mjini mifuko 70 ya saruji, tani tatu na nusu, ya mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko ndani, upande wa Ulyankulu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Utingo wangu akasema, "Bosi, tulale, twende kesho." Lakini mzee alikuwa keshapiga simu mara tatu: mafundi wamekaa, wanakula bure. Nikasema twende.

Kwenye lami hakuna la kusimulia. Tulipoiacha na kushika ya udongo ndipo kazi ikaanza. Mnaoijua mbuga mnajua: ule udongo mweusi kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unageuka sabuni. Usukani unaukata kulia, gari linakwenda kushoto. Nilikuwa najiona fundi. Nakumbuka kabisa nilimwambia utingo, "Wenzetu wangeshakwama hapa."

Kuna mahali barabara inateremka bondeni, na chini yake pana karavati. Kabla ya mteremko, njiani, palikuwa na tawi. Tawi bichi, majani bado ya kijani, limelazwa upande wetu wa kushoto. Dereva yeyote wa nchi hii anajua tawi barabarani linasema nini. Mimi nililiona. Utingo aliliona. Nikasema, "Hilo ni la lori lililokwama jana, wamesahau kulitoa." Tairi likalipanda, nikasikia likivunjika chini yetu.

Maji yalikuwa yanapita juu ya karavati, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba povu na vijiti. Hayakuonekana mengi. Kilichonidanganya ni zile kingo mbili za zege, zimesimama wima huku na huku. Ukiona kingo unaamini barabara ipo katikati. Kumbe maji yalikuwa yamelizunguka karavati siku nyingi, yamekula udongo wa chini, juu limebaki ganda. Tairi za mbele zilipita. Za nyuma zikazama, gari likakaa kitako, kisha likalala ubavu taratibu kama ng'ombe anayejilaza.

Utingo alivunjika mfupa wa bega. Wanakijiji walitutoa kwa kamba. Yaliyofuata, polisi, PF3 (ile fomu ya polisi ya kupatia matibabu), hospitali, kutafuta winchi, nayaruka, maana ni wiki tatu za kusubiri watu. Chesi ilipinda. Saruji iliyokaa majini wote mnajua inakuwaje: mifuko 70 iligeuka mawe 70, kila jiwe lina mikunjo ya mfuko na alama za nyuzi. Mawili nimeyaweka mlangoni kwangu kama ngazi. Kila asubuhi nayakanyaga.

Sasa, swali la kijana wa Kaliua. Na mimi nililiuliza, tena kwa sauti kubwa. Trafiki alipofika alilizunguka gari, akalipiga teke tairi la nyuma kushoto, akainama, akasema, "Kipara." Akaniandikia 30,000. Nilitaka kulia. Karavati zima limekwenda na maji, mtu anaandika tairi! Bima yangu ilikuwa ile ndogo, ya mtu wa tatu. Ile inamlipa uliyemgonga. Gari lako mwenyewe utajua la kufanya. Kwa hiyo aliyebaki wa kudaiwa ni mwenye barabara.

Mwenye barabara ni nani? Hapo ndipo wengi tunapopotelea. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa serikali. Za wilaya, za mjini na zile za kuingia vijijini zina TARURA, wakala mwingine, iliyoanza kazi mwaka 2017. Dereva anayekwenda kasi hajui ameshaacha ya huyu na kuingia ya yule. Ofisi ya kwanza niliyokwenda (sitaitaja) ikanielekeza ya pili. Ya pili ikanirudisha ya kwanza, kwa heshima zote, na kiti nikapewa. Mzunguko wa tatu nikatafuta wakili.

Wakili akanifundisha mambo ambayo ningeyajua mapema ningekuwa mtu mwingine. Kuishtaki Serikali inawezekana, lakini unaanza kwa notisi ya siku 90, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu pia wakala za serikali na halmashauri, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Madai ya uzembe yana miaka mitatu tu, ikipita, basi. Na hata ukishinda, mahakama ikiona nawe umechangia ajali, inakupunguzia fidia kwa kadiri ya uzembe wako. Halafu akauliza, kalamu mkononi: "Kulikuwa na alama yoyote ya tahadhari?"

Nikajibu, "Hapana."

Kwa upande mmoja ni kweli. Kibao hakikuwepo, wala utepe, wala pipa lililopakwa rangi. Serikali haikuweka kitu. Baadaye wanakijiji waliniambia karavati lilianza kuliwa tangu Desemba, wakalisema kwenye mkutano wa kijiji, kwa mdomo. Aliyeweka tawi ni mama mmoja anayelima jirani na pale, asubuhi ya siku ile ile, alipoona maji yamebadilika. Alinisimulia mwenyewe bila kunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi. Na utingo wangu, ambaye ndiye angekuwa shahidi wangu, alijua vizuri nililikanyaga.

Sikufungua kesi. Miaka mitatu ikapita Februari 2024, siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Niliwahi kumsimulia haya shemeji yangu anayeishi Uingereza, akacheka, akasema kwao ugomvi huu ni wa barafu. Huko majira ya baridi lami inafunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana, gari linateleza kama liko mbugani kwetu. Mtu mmoja aliishtaki halmashauri ya East Sussex baada ya gari lake kuteleza kwenye barafu hiyo akaumia vibaya sana. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya huko ikasema wajibu wa kutunza barabara hauhusu kuondoa barafu. Akashindwa. Mwaka 2003 Bunge lao likabadilisha sheria: sasa mwenye barabara anatakiwa, kwa kadiri inavyowezekana, kuhakikisha theluji na barafu havihatarishi wapitaji. Wanamwaga chumvi barabarani, chumvi, kama hii ya Uvinza tunayopimiana kwa vikombe! Na Kanada, jimbo la Quebec, dereva naye ana zamu yake: kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 lazima gari liwe na tairi za baridi. Serikali na chumvi yake, dereva na tairi zake. Mimi nilikuwa na kipara.

Kwa hiyo vijana, shukeni. Hilo ndilo ninalowaambia. Ukifika kwenye maji yanayopita juu ya barabara, zima redio, vuta hendibreki, shuka. Chukua fimbo, pima. Mlioko kwenye vigari vidogo mkumbuke kwamba maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kuliinua gari dogo, na yakifika 60 yanaondoka hata na pikapu. Buti lako la mvua ni kipimo tosha. Maji yakizidi nusu ya buti na yanakimbia, geuza au subiri. Usipime kwa macho ukiwa umekaa kwenye kiti. Kiti kina kiburi. Shuka.

Kagueni tairi kabla ya Novemba, si Januari. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza utabiri wa mvua za msimu kila mwaka kwa ajili yetu huku Tabora na Kigoma, Novemba hadi Aprili, na sisi tunausikiliza kama matangazo ya sabuni. Mzee wa duka akikupigia simu mara tatu, mpokee mara ya nne umwambie kesho. Mimi yule mzee nilimlipa mifuko yake yote 70, kwa awamu, na mpaka leo hanipi mzigo.

Lakini msije mkasema nimeitetea serikali. Kila lita ya dizeli tunayoweka ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Tumelipia. Karavati la kuliwa miezi miwili bila hata pipa la rangi ni deni, na wenye deni wajulikane. Ndiyo maana ukiona barabara imeanza kuliwa, usiishie kulalamika kijiweni. Andika barua, ipitie kwa mtendaji wa kijiji, ifike ofisi inayohusika, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku mtu akizama pale, hawatasema hawakujua. Maneno ya mkutanoni hayagongwi muhuri. Ningekuwa na karatasi moja ya Desemba yenye muhuri, pengine na lile tawi nisingelificha, ningelisema mahakamani na bado ningekuwa na kitu mkononi.

Mdogo wangu wa Kaliua, nimekuandikia haya hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako. Ripoti ya polisi chukua. Picha za karavati piga nyingi, upande wa juu na wa chini wa maji, kabla hawajaja kumwaga kifusi. Uliza barabara ni ya nani, upewe jibu kwa maandishi. Siku 90 zihesabu vizuri.

Ila ile picha yako ya pili, chini kushoto, karibu na alama za tairi lako, naona kitu cha kijani. Nimeikuza mpaka ikavunjikavunjika. Ni nyasi tu, au ni tawi? Nijibu hilo kabla hujaenda kwa wakili.