Maswali ya Wasomaji: Pedi za waya za bei nafuu kwa gemu za kompyuta

SWALI: Nina laptopu ya Windows na shilingi elfu arobaini, nataka pedi ya waya ya kuchezea mpira. Dukani zote zimefanana, nyingine zina umbo la Xbox, nyingine la PlayStation, na kila muuzaji anasema "hii inakubali gemu zote". Nitazitofautishaje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu yetu, umbo liache kwanza. Kinachoamua kama utacheza au hutacheza ni namna pedi inavyojitambulisha kwa Windows, na namna kuu ni mbili. Ya zamani ni DirectInput. Ya pili ni XInput, iliyoletwa na Microsoft pamoja na Xbox 360 mwaka 2005. Gemu nyingi zilizotoka miaka ya karibuni zimetengenezwa zikitarajia XInput. Ukichomeka pedi ya DirectInput pekee, taa inawaka na Windows inaiona vizuri, lakini ukiingia kwenye gemu ni kimya, au vitufe vimebadilishana: unabonyeza pasi, linatoka shuti. Wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni nzima ila si ya gemu ile.

Kwa hiyo nenda dukani na laptopu yako. Omba pedi ichomekwe kabla hujatoa hela, subiri nusu dakika Windows imalize kuitambua, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl na ubonyeze Enter. Kitafunguka kidirisha chenye jina la pedi. Likisomeka "Controller (XBOX 360 For Windows)" au jina lingine lenye neno Xbox, hiyo ni XInput. Likisomeka "Generic USB Joystick" au "USB Gamepad", hiyo ni DirectInput, hata kama kwenye boksi wamechora nembo ya kijani ya Xbox.

Kabla hujaikataa, muulize muuzaji kama ina kitufe cha kubadili. Logitech F310 ina swichi ndogo mgongoni yenye herufi X na D. Iweke kwenye X. Pedi nyingi za Kichina hubadilika ukishikilia kitufe cha katikati, kile cha Home au Mode, kwa sekunde tano hivi. Taa hubadilika, na jina kwenye kidirisha hubadilika pia. Jina lisipobadilika, ina namna moja tu.

Ukiwa bado kwenye kidirisha hicho, bonyeza "Properties" ujaribu kila kitu. Zungusha analogi (vile vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba) taratibu ukisukuma hadi mwisho: alama ya msalaba ifike kingo zote nne za kisanduku. Kisha iachie ghafla, mara kumi, kila mara kutoka upande tofauti. Msalaba unapaswa kurudi katikati palepale. Ukibaki pembeni kidogo, hata kwa upana wa msalaba wenyewe, chukua nyingine, maana pedi mpya inayoanza hivyo haitapona. Bonyeza vitufe kimoja kimoja uone namba zake zikiwaka, na ubonyeze pia analogi zenyewe kwenda chini, kwa sababu ndizo L3 na R3 na watu huzisahau.

Jambo moja lisikutishe: kwenye pedi za Xbox 360, kidirisha hiki huonyesha LT na RT (vitufe viwili vya kuvuta vya mbele ya pedi) kwenye mstari mmoja, na ukizibonyeza zote mbili kwa pamoja zinafutana kana kwamba hujagusa kitu. Hilo ni tabia ya kidirisha chenyewe. Ndani ya gemu kila moja inasomwa peke yake.

SWALI: Nimeshanunua ile "Generic USB Joystick". Analogi hazifanyi kazi kabisa, na FIFA haiioni. Nimepoteza hela? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hujapoteza. Angalia kwanza kitufe kilichoandikwa Analog, katikati ya pedi. Taa yake nyekundu ikiwa imezima, analogi ya kushoto inafanya kazi ya mishale na ya kulia inaigiza vile vitufe vinne. Bonyeza mara moja taa iwake. Kwenye baadhi ya pedi hizi taa huzima kila unapochomoa, kwa hiyo fanya hivyo kila ukianza kucheza.

Kuhusu FIFA, njia rahisi ni Steam, programu ya kununulia na kuendeshea gemu, na haigharimu kitu. Ifungue, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "Controller", washa "Enable Steam Input for generic controllers", kisha fuata maelekezo ya kubonyeza kila kitufe kinapotajwa. Kama gemu yako haikununuliwa Steam, iongeze kwa "Add a Non-Steam Game to My Library" na uianzishie humo. Steam itaifanya pedi yako ionekane kama ya Xbox. Lazima ibaki wazi muda wote unaocheza.

Ipo pia programu ya x360ce inayofanya kazi hiyohiyo. Toleo lake la 3 huweka faili ndani ya folda ya gemu, na hapo ndipo watu hukwama: gemu ya biti 64 inataka faili la biti 64, na ya 32 la 32. Ukikosea, gemu itafunguka kama kawaida lakini pedi haitaonekana. Usiitumie kwenye gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, kwa sababu ulinzi huo unaweza kulichukulia faili hilo kuwa la udanganyifu.

Kama unacheza PES 2013, huhitaji yote hayo. Fungua settings.exe ndani ya folda ya gemu, ingia sehemu ya pedi, upange vitufe mwenyewe.

SWALI: Wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, wanagombania pedi moja. Nimeonyeshwa pedi pacha zenye plagi moja ya USB, bei yake ni ndogo. Nichukue? – Mama wa Mombasa

JIBU: Mama, tunakushauri uchukue mbili zilizo mbalimbali, za aina moja. Zile pacha kwa kawaida ni DirectInput, na waya wa plagi ukikatika watoto wote wawili wamekosa. XInput inapokea hadi pedi nne kwa wakati mmoja, hivyo mbili si tatizo.

F310 ingefaa. Waya wake ni mita 1.8 na ni imara, ila haina mtetemo, na bora waambie watoto mapema. Kompyuta ikiwa mbali na wanapokaa, ongeza waya wa kurefusha, jumla isizidi mita 5. Na kama pedi zina mtetemo, kila moja ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake hugawa umeme wa tundu moja, na mota zikianza kutetema pamoja pedi zinaweza kuzima na kuwaka katikati ya mechi.

SWALI: Pedi yangu ya PS4 nikiichomeka kwenye kompyuta inachaji tu. – Msomaji, Arusha

JIBU: Tatizo mara nyingi ni waya. Waya nyingi za kuchajia simu zina nyuzi mbili za umeme tu, hazina zile mbili za data. Tafuta waya wa micro-USB unaohamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Kwa huo Windows itaiona pedi.

SWALI: Mchezaji wangu anatembea mwenyewe kwenda kushoto hata nikiwa nimeweka pedi mezani. Fundi anasema ninunue mpya. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikimbilie mpya. Chini ya kila analogi kuna vipimo viwili vidogo, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kimoja kuna kijimguu cha chuma kinachoteleza juu ya njia ya kaboni. Njia hiyo inalika, vumbi linaingia, na kipimo kinatoa namba isiyo ya katikati wakati kidole hakipo.

Anza bila kufungua kitu. Kwenye Steam ongeza eneo la katikati lisilosomwa (deadzone), asilimia 10 hadi 15. Ikizidi hapo utahisi mchezaji anachelewa kugeuka.

Isipotosha, chomoa waya, fungua skrubu, udondoshee spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, tone moja au mawili, kwenye ubavu wa kipimo. Zungusha analogi mara thelathini, acha ikauke nusu saa. Usitumie manukato wala mafuta ya kulainishia bawaba. Yanaacha utando unaokamata vumbi zaidi.

Kipimo kikiwa kimeshalika, spiriti itakupa nafuu ya siku chache tu. Hapo fundi abadilishe analogi nzima. Ina miguu 14 ya kulehemu, na kazi yenyewe ni kuitoa bila kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Mwombe anyonye risasi ya kulehemu ya mguu mmoja mmoja badala ya kuvuta kwa nguvu.

Siku ukinunua nyingine, ulizia yenye analogi za Hall, zinazosoma sumaku bila kugusana. GameSir G7 SE na T4 Kaleid ni za waya na zinazo. Njia ya kaboni haipo, kwa hiyo hakuna cha kulika hapo, ingawa springi na mpira wa juu vitachoka kama vya pedi nyingine.

SWALI: Pedi inakata nikisogeza waya. – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Mara nyingi umekatikia shingoni, pale unapoingia kwenye pedi. Kata sentimita 5 za hapo, uunge upya kwenye bodi. Kanuni ya rangi ni nyekundu kwa umeme, nyeusi kwa ardhi, nyeupe na kijani kwa data, lakini pedi za bei nafuu haziifuati siku zote. Pima kwanza kwa mita ya fundi (multimeter) kutoka plagi hadi mwisho wa kila uzi. Ukibadilisha nyuzi za data, Windows itasema haikitambui kifaa, na utarekebisha. Ukibadilisha nyekundu na nyeusi, unaweza kuunguza chipu mara tu unapochomeka. Ukishaunga, funga waya kwa kamba ndogo ya plastiki upande wa ndani wa ganda, ili ukivutwa mvuto uishie kwenye ganda na usifike kwenye risasi.