Meza ya Baiskeli: Ninunue TT au Nifunge Vishikio?

*Shikamooni wahariri. Nina baiskeli ya kawaida ya mbio za barabarani, ya alumini, na ninajiandaa kwa Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia) ambayo ina kilomita 90 za baiskeli. Nimeweka akiba ninunue baiskeli ya TT (time trial, yaani ya mbio za kushindana na saa ukiwa peke yako), lakini wenzangu wa klabu wanasema nitatupa pesa. Mbona Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda ubingwa wa dunia wa kushindana na saa Kigali 2025 juu ya TT, na vilima vyote vile? — Msomaji, Nakuru*

Marahaba. Usinunue bado. Msimu huu funga vishikio vya kulalia, vile viwili vinavyokaa juu ya usukani pamoja na vipedi vya kuwekea viwiko. Hiyo akiba iache benki.

Kwenye tambarare, mzigo mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa, na hewa hiyo hupiga mwili wako kuliko inavyopiga fremu. Chukua mwendo wa kilomita 36 kwa saa, usawa wa bahari. Mtu wa umbo la wastani aliyeshika juu ya breki hutumia takriban wati 200 kwa ajili ya hewa peke yake. Akilalia viwiko juu ya baiskeli ileile, zinashuka hadi kama 160. Akipanda TT iliyopimwa kwa mwili wake, zinafika 145 hivi. Kwa hiyo wati 40 za kwanza umezipata kwa vishikio vya dola mia moja na kitu, na 15 zinazobaki ndizo unazolipia maelfu ya dola. Rubavu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo tofauti zote hizo hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita.

Sasa njoo kwenye kilima. Ukipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 20 kwa saa, TT inakuokolea wati 3 tu hivi kuliko vishikio, tena ukiwa umelala, na wengi hawapandi kilima wakiwa wamelala. Kila kilo inayozidi kwenye baiskeli inakula wati 3 na zaidi kidogo, na TT nyingi huzidi baiskeli ya barabarani kwa kilo moja au zaidi. Hapo hakuna faida.

Evenepoel ni habari nyingine. Alikimbia kilomita 40.6 kwa wastani wa karibu kilomita 49 kwa saa. Nguvu ya kupasua hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo, hivyo zile wati 15 zako za usawa wa bahari kwake zinakaribia 40, na hata kwa hewa nyepesi ya Kigali hubaki zaidi ya 30. Kwake TT inalipa hata njia ikiwa na vilima.

Na kama wenzako wanadharau vishikio, wakumbushe Tour de France ya 1989. Siku ya mwisho, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. LeMond alifunga vishikio vya watu wa triathlon, Fignon akabaki na usukani wa kawaida wa mbio hizo. LeMond alimpita kwa sekunde 58 siku ile na kutwaa kombe kwa sekunde 8. Vishikio havikuwa sababu pekee, lakini tangu hapo hakuna timu iliyovipuuza.

Wengi huharibu wakati wa kuvifunga. Pima kwanza usukani wako: vishikio vingi vinahitaji bomba la mviringo la milimita 31.8 pale kati, na usukani bapa hauvipokei. Ukiwa wa kaboni, hakikisha mtengenezaji ameruhusu kubanwa hapo, paka pesti ya kaboni, kisha kaza kwa spana ya kupimia mkazo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibano, mara nyingi niutoni-mita 5. Ukikaza kwa kukisia, shimo la kwanza barabarani litavizungusha vishikio kuelekea chini na wewe uzito wote uko juu yake.

Halafu kiti. Bomba la kiti la baiskeli yako limelala kwa nyuzi kama 73, wakati la TT husimama kati ya 76 na 80. Ukilala bila kurekebisha chochote, nyonga zinabanwa, magoti yanakaribia kifua, pumzi inakatika, na baada ya nusu saa unainuka. Sogeza kiti mbele sentimita 2 hadi 3, na kwa kila sentimita moja kiinue milimita 3, maana kikienda mbele kinakaribia pedali. Anza na vipedi vikiwa juu, vishushe milimita 5 kila baada ya wiki mbili. Viwiko vikae karibu chini ya masikio. Shingo ikikuuma au sehemu za siri zikifa ganzi, umeshuka mapema mno, au pua ya kiti imeelekea juu. Na kwenye magari mengi toka kwenye vishikio, kwa sababu breki haziko mkononi.

Rudi kwenye suala la TT ukiweza kulala dakika 60 mfululizo bila kuinuka, na kalenda yako ikiwa na mashindano matano au zaidi kwa mwaka ambayo hayaruhusu kufuata mgongo wa mwenzako ili akukingie upepo. Tena uwe tayari kuifanyia mazoezi kila wiki. TT inayotolewa ghalani siku ya mashindano tu humchosha mwenyewe, kwa kuwa misuli ya nyonga haijaizoea.

*Klabu yetu ina mbio za kundi kila Jumapili. Naweza kuingia na TT? — Eldoret*

Hapana. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, zinakataza TT na vishikio vya kulalia katika mbio za kuanza pamoja, na hata klabu isiyofuata UCI ifanye hivyo. Mtu aliyelala katikati ya kundi hawahi breki.

*Nimeona TT ya kaboni ya mtumba kutoka Ulaya, bei nafuu. Niangalie nini? — Dada wa Dar es Salaam*

Dada, anza na saizi, maana TT ya mtumba haibadiliki kirahisi. Usukani na shina lake mara nyingi ni vya modeli hiyo tu, na fremu ikiwa ndefu kwako hakuna kipuri cha kuifupisha.

Kisha gonga fremu kwa sarafu polepole, hasa penye kibano cha nguzo ya kiti, kwenye shingo ya uma na karibu na mnyororo. Sauti kavu inayolia ni nzuri. Ikibadilika ghafla na kuwa butu mahali pamoja, kaboni inaweza kuwa imeachana ndani. Pima nafasi ya tairi pia: fremu za zamani nyingi hazipokei zaidi ya milimita 23 au 25, na kwa barabara zetu unahitaji 28. Breki zilizofichwa chini ya krenki au nyuma ya uma hushika tope na ni kazi ya saa kadhaa kwa fundi, waya zikipita ndani ya fremu.

Mwisho, mwambie muuzaji atoe nguzo ya kiti mbele yako. Hushikwa na kabari ndogo ya alumini ambayo huliwa na kutu ya chumvi au hupasuka. Kwa modeli ya zamani kabari hiyo huenda haitengenezwi tena, na bila hiyo kiti kitakuwa kinashuka kila ukipita tuta.