Usiiuze Lenzi, Ifinye Tundu

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimenunua lenzi ya 50mm f/1.8, lakini usiku picha zinatoka kama nimepiga kupitia chandarua. Niiuze?"

Mdogo wangu, usiuze. Nilipokuwa naanza kupiga harusi hapa Tanga, mwenye studio mmoja aliishika lenzi yangu, akaitazama kwenye mwanga, akatangaza mbele ya wateja kwamba imeota kuvu. Kuvu hakuna! Kicheko chao bado kinaniuma, nisikufiche. Leo wateja walewale hunipigia mimi, na lenzi ni ileile.

Kilichopo ni umbo. Vioo vingi vya lenzi husuguliwa kama kipande cha tufe, maana ndilo umbo rahisi kusugua. Sasa miali inayopita ukingoni hupinda kupita kiasi, ikakutana karibu zaidi na lenzi kuliko ile ya katikati. Fokasi moja, yaani mahali pamoja pa miali yote kukutana, haipatikani; hiyo ndiyo kasoro ya tufe. Nenda Raskazone, ufukweni hapa Tanga, usiku, kamera kwenye stendi, tafuta taa ya mbali, fungua lote tundu linalopitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kisha kuza picha kwenye skrini. Utaona kiini kikali, na kukizunguka duara hafifu la mwanga. Finya taratibu: duara linanywea, kiini kinabaki.

Kutoka f/2 hadi f/4 kipenyo cha tundu kinakuwa nusu, na ukungu wa kasoro hii unashuka hadi kama sehemu moja ya nane. Mwanga nao unabaki robo, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, au washa taa, usilalamike. Tena lenzi nyingine fokasi husogea ukifinya. Weka fokasi kwa tundu lilelile utakalopigia. Narudia: finya.

Zipo lenzi zenye kioo kisichofuata tufe, na zinazogawanya kazi kwa vioo kadhaa. Nzuri, ila bei yake unaijua. Vijana wetu mnakimbilia duka kabla ya kuijua kamera. Hata darubini ya Hubble ilirushwa 1990 na kioo kilichosuguliwa vibaya ukingoni kwa takriban mikromita 2.2, ikawa na kasoro hiihii. Hawakuitupa, mwaka 1993 waliifungia vioo vya kuirekebisha.

Mimi mapambo ya bibi harusi na hina ya mikononi napiga f/4. Mama wa bwana harusi akitaka picha ya uso peke yake, nafungua lote. Ule ukungu unalainisha makunyanzi, na yeye ndiye anayeagiza nakala nyingi.