Nauli ya mwezi imezidi makadirio mara mbili: nimekosea wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nimehamia jiji kubwa kwa mafunzo kazini ya miezi 6. Kabla ya kuja nilifungua programu ya safari kwenye simu, nikaona nauli ya treni kutoka karibu na ninapoishi hadi kazini, nikaizidisha kwa 2, halafu kwa siku 22. Mwezi wa kwanza umekwisha na nimetumia zaidi ya mara mbili ya hesabu ile, bila anasa yoyote. Kosa liko wapi? Na kwa miezi 5 iliyobaki, ninunue tiketi ya mwezi au niendelee kulipa kila safari? Mwezi wa nne nitakuwa na likizo ya wiki 2.

JIBU: Ndugu msomaji, kuzidisha kwako ni sahihi. Kasoro iko kwenye kile ulichokizidisha. Ulichukua bei ya treni ukaiita bei ya safari, na hivyo ni vitu viwili. Nimefanya kazi ya kupanga nauli kwa miaka mingi, na karibu kila makadirio yaliyoharibika niliyowahi kuyakagua yaliharibikia hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli ni kiasi gani, uliza kwanza: katika jiji hili, mfumo wa malipo unahesabu nini kuwa safari moja?

Majibu hutofautiana sana. New York, nauli ya treni ya chini ya ardhi ni ile ile, uende kituo cha pili au uvuke jiji zima, na ukishuka ukapanda basi ndani ya saa 2, uhamisho huo mmoja hulipii. London, reli zimegawanywa kwa kanda, na bei hutegemea umevuka kanda ngapi. Mabasi yake yana utaratibu wake: ndani ya saa 1 tangu ugusishe kadi ya nauli kwenye mashine mara ya kwanza, unaweza kubadilisha mabasi kadhaa kwa nauli moja, lakini treni utailipia kivyake. Singapore tangu 2010 hujumlisha kilomita zako zote, za basi na za treni, na kukutoza kwa jumla hiyo, kwa hiyo kubadilisha chombo hakukuadhibu. Tokyo ni kinyume. Kampuni mbili zinaendesha treni za chini ya ardhi, Tokyo Metro na Toei, kila moja na jedwali lake la nauli. Ukitoka kwa moja ukaingia kwa nyingine unalipa kwa zote mbili, ukipunguziwa kidogo tu. Mtu anayefanya hesabu kwa kutazama ramani pekee hatajua haya, maana kwenye ramani mistari yote inaonekana ya mwenyewe mmoja.

Sasa turudi kwenye mwezi wako. Hukuniandikia viwango, kwa hiyo nitatumia namba za mfano zisizo za nchi yoyote. Wewe weka za kwako. Tuseme treni ni 10. Hesabu yako ya kwanza ilikuwa 10 × 2 × 22, yaani 440.

Jambo la kwanza ni basi. Umesema nauli ilikuwa ya treni kutoka "karibu na" unapoishi. Neno hilo "karibu" lina bei. Ukipanda basi la 6 kufika kituoni, na jiji lako halina uhamisho wa bure, kila upande unakuwa 16. Jambo la pili ni saa. Miji mingi hutoza zaidi saa za msongamano, na programu ya simu hukuonyesha bei ya saa uliyoiuliza. Ukiulizia safari saa 4 usiku ukiwa umelala kitandani, utapewa bei ya usiku. Tuseme asubuhi treni ni 13 badala ya 10. Siku yako ya kazi sasa ni 19 kwenda na 16 kurudi, jumla 35, siyo 20 uliyoiwaza.

Siku 22 nazo ni nyingi mno. Mwaka una siku za kazi zipatazo 261 ukiondoa Jumamosi na Jumapili, sawa na 21.75 kwa mwezi. Ukitoa sikukuu, ugonjwa na likizo, 20 ni namba ya uaminifu zaidi. Hapa peke yake ulikadiria kupita kiasi, na bado ukapungukiwa. 35 × 20 ni 700.

Kisha kuna safari zisizo za kazi, ambazo watu husahau karibu wote. Hukwenda jiji hilo kufanya kazi na kulala tu. Unakwenda sokoni, hospitali, ibadani, kumsalimia mtu. Chukua safari 3 za kwenda na kurudi kwa wiki, kwa basi la 6. Kila moja ni 12, kwa wiki 36, na kwa mwezi zidisha kwa 4.33, siyo kwa 4, kwa sababu wiki 52 ukizigawa kwa miezi 12 unapata 4.33. Hiyo ni kama 156. Ongeza mara 2 ulizochelewa, basi la mwisho limeondoka, ukachukua teksi ya 40. Hizo ni 80. Jumlisha: 700 na 156 na 80 ni 936. Ukilinganisha na 440, ni zaidi ya mara mbili, na hakuna anasa ndani yake. Naamini mwezi wako ulikwenda hivi au karibu na hivi.

Mwezi wa kwanza pia hubeba gharama zisizojirudia: kununua kadi au kuweka amana yake, na makosa ya mgeni. Kosa ghali kuliko yote ni kusahau kugusisha kadi wakati wa kutoka. Katika mifumo inayotoza kwa umbali au kanda, mashine haijui uliposhukia, hivyo inakutoza nauli ya juu kabisa ya njia ile. Singapore hilo linahusu hata mabasi, kwa kuwa nayo hutozwa kwa umbali. Fungua historia ya kadi yako leo, kwenye programu au kwenye mashine kituoni, utafute tozo zilizo kubwa kuliko kawaida. Mara nyingi mwendeshaji hukurejeshea fedha ukiomba mapema, ila hakutafuti.

Kuhusu uhamisho wa bure, kuna jambo ambalo vipeperushi hulitaja kwa maandishi madogo, nami naona lingestahili makubwa. Dirisha la muda, yaani kipindi ambacho ukibadilisha chombo hulipi tena, huanza pale unapogusisha kadi mara ya kwanza, na foleni ya magari hailisimamishi. Tuseme dirisha ni saa 1: ratiba ikisema basi lako hufika kwenye njia panda kwa dakika 45, basi la pili ni bure. Asubuhi ya mvua likitumia dakika 65, umelipa mara mbili bila kubadilisha chochote katika mwenendo wako. Ndiyo maana ukikadiria, tumia muda halisi wa saa unayosafiri, uliopimwa kwa saa yako ya mkononi siku 4 au 5, usitumie muda wa ratiba. Na wanaolipishwa mara mbili zaidi ya wote ni wale wanaokaa mbali, penye foleni ndefu. Mimi hili linaniuma kila ninapopitia jedwali la nauli, na nimelisema kwenye vikao vingi.

Sasa tiketi ya mwezi. Watu huuliza kama inalipa, kana kwamba ina jibu moja. Gawanya bei yake kwa gharama ya siku moja ya kazi. Tuseme tiketi ya basi na treni pamoja ni 600. 600 kwa 35 ni 17.1, kwa hiyo kuanzia siku ya 18 ya kazi unaanza kuokoa. Wewe unakwenda siku 20, umeshavuka. Tena usisimame hapo: zile safari za sokoni na ibadani za 156 sasa zimeingia ndani ya tiketi. Mwezi wako unakuwa 600 na teksi 80, jumla 680, badala ya 936. Hakikisha tu kwamba tiketi inafunika vyombo vyote viwili na saa zote. Tiketi nafuu zaidi za treni pekee, au zisizoruhusu saa za msongamano, zimewaponza wengi.

Lakini angalia jinsi jibu linavyogeuka kirahisi. Mwenzako anayeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku 2 kwa wiki hupanda siku 13 kwa mwezi. 13 × 35 ni 455, ongeza 156, unapata 611. Kwa karatasi tiketi inamwokolea 11. Mimi ningemshauri asiinunue. Akiugua siku 1 tu, faida imekufa, na fedha zote alishazitoa mwanzoni mwa mwezi, wakati ambapo pengine zina kazi nyingine.

Kabla ya kununua, ulizia kama jiji lako lina kikomo cha nauli. Ni utaratibu ambao mfumo huhesabu ulicholipa kwa siku au kwa wiki, na ukifika kiwango fulani safari zinazofuata hulipii tena. New York ilianza wa wiki mwaka 2022: ukilipa safari 12 ndani ya siku 7, zilizobaki zikawa bure. London ina wa siku na wa wiki. Penye kikomo kizuri, kulipa kila safari na kununua tiketi hukaribiana sana, na hasara ya kutokuwa na tiketi hupungua. Ila kikomo kina mitego miwili. Hufuata kadi, hakikufuati wewe: ukienda kwa kadi ya benki asubuhi na kurudi kwa simu jioni, hata kama akaunti ni moja, mfumo unaona abiria wawili, na huenda hakuna hata mmoja atakayefikia kiwango. Pia wiki ya London huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, hivyo anayefika Alhamisi ana siku 4 tu za kufikia kiwango cha siku 7. Usidhani wiki ni siku 7 zozote mpaka usome sharti.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa una muda wa kubadilisha njia. Programu ya simu hupanga njia kwa haraka, haipangi kwa bei. London, mtu anayezunguka bila kupita kanda ya 1 ya katikati hulipa kidogo, mradi agusishe kadi kwenye mashine ya rangi ya waridi pale anapobadilisha treni, ili mfumo ujue alizunguka. Jiulize kama kwako kuna njia ya namna hiyo: basi moja la moja kwa moja badala ya basi na treni, au kituo kimoja mbele kilicho ndani ya kanda ya nafuu. Ukiipata, pima na muda pia. Dakika 40 za ziada kila upande, mara 40 kwa mwezi, ni dakika 1,600, karibu saa 27. Hizo ni zaidi ya siku 3 za kazi. Sisi wapangaji hatuhesabu dakika zote sawa: dakika ya kusubiri kituoni huwa tunaipa uzito wa karibu mara 2 ya dakika ya kukaa ndani ya chombo, kwa sababu ndivyo abiria wenyewe wanavyoonyesha kwa uchaguzi wao. Njia nafuu yenye kusubiri mara mbili si nafuu hivyo. Hata anayetafuta chumba cha kodi ndogo nje ya jiji afanye hesabu hii kabla ya kulipa kodi.

Ukipanga bajeti, usiandike namba moja. Andika tatu: mwezi mwepesi, mwezi wa kawaida na mwezi mzito wenye mvua na kuchelewa. Kwa namba zetu, bila tiketi, ningeweka 800, 936 na 1,100. Weka akiba kwa ule mzito.

Kwa hiyo, kwako: ikiwa hakuna kikomo cha nauli, nunua tiketi mwezi wa pili na wa tatu, na wa tano na wa sita. Mwezi wa nne ni tofauti. Siku 10 za kazi ni 350, na safari nyingine kama 78 kwa wiki zile ulizopo, jumla 428, chini ya 600. Usinunue. Ila kuna swali la kumuuliza karani wa tiketi wiki hii: tiketi huanza siku unayoichagua, au hufuata tarehe 1? Ikiwa huanza siku yoyote, hamisha tarehe ili moja iishe siku ya mwisho kabla ya likizo na nyingine ianze siku unayorudi. Siku chache zitakazobaki bila tiketi zilipie moja moja, au kwa tiketi ya wiki kama ipo. Hapo likizo yako haitakula hata siku moja ya tiketi uliyoilipia. Na siku ya mwisho ya mafunzo, kabla hujafunga begi, rudisha kadi udai amana na salio lililobaki.