Kakatua kichwa chekundu, hapo hapo Canberra

Dada, umeuliza kama ni lazima uende milimani kumwona gang-gang, yule kakatua wa Australia ambaye dume ana kichwa chekundu. Hapana! Anza na bustani ya mimea ya taifa, chini ya Black Mountain, karibu kabisa na katikati ya jiji. Majira ya baridi ndiyo mazuri zaidi, maana wengi hushuka kutoka milimani hadi mitaani.

Usitafute kwa macho kwanza. Tega sikio: mlio wake ni kama mlango wa zamani ambao bawaba zake zimekauka mafuta. Akiwa anakula hunyamaza, kwa hiyo ukiona vipande vya maganda vinadondoka kutoka kwenye mkaratusi, simama hapo hapo uinue kichwa. Mimi nilimwona dume hivyo, mita chache tu juu yangu, ameshika tunda kwa mguu wa kushoto analigeuza taratibu, kishungi chake chekundu kimejikunja kama manyoya yaliyopeperushwa na upepo. Jike ni wa kijivu, kifuani ana mistari ya waridi na manjano.

Ukiona wanachungulia tundu la mti mzee, rudi nyuma. Matundu hayo, ambamo hutaga mayai, huchukua zaidi ya miaka 100 kujitengeneza, na tangu 2022 ndege huyu yumo kwenye orodha ya walio hatarini Australia, baada ya moto wa 2019–2020 kuteketeza sehemu kubwa ya makazi yake. Na tafadhali, usimtupie mkate.