Fundi Anajibu: Kwa Nini Betri ya Gari Haifikishi Miaka Yake

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Kigoma na Tabora zinahusu betri, kwa hiyo nimezipa ukurasa wote. Nimezifupisha bila kugusa maana.

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Mwanga, Kigoma, na gari langu dogo nalitumia kupeleka watoto shule na kwenda sokoni tu. Betri niliyonunua niliambiwa ingedumu miaka 5, lakini haikumaliza hata miwili. Je, niliuziwa betri mbovu, au betri za siku hizi ndivyo zilivyo? *Mama wa Mwanga*

Jibu: Marahaba, mama. Betri ya kawaida ya gari, yaani ile yenye mabamba ya risasi yaliyozama ndani ya asidi, hudumu kati ya miaka 3 na 5 ikitunzwa vizuri, na katika mikoa yenye joto kama yetu mtu aliyefikisha miaka 3 hana sababu ya kulalamika. Miaka 5 aliyokutajia muuzaji inawezekana, lakini ni ya betri iliyopata malezi kamili. Hata hivyo, chini ya miaka 2 ni mapema mno, na kabla ya kumlaumu muuzaji ningependa utazame namna gari lenyewe linavyotumika, kwa sababu maelezo yako yana dalili moja iliyo wazi.

Dalili hiyo ni safari fupi. Injini inapowashwa, stata, yaani mota inayoizungusha mpaka iwake, huvuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, na kazi ya kuurudisha umeme huo ni ya altaneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini, nayo inahitaji muda. Ukitoka nyumbani hadi shuleni kwa dakika chache, ukazima, ukawasha tena kwenda sokoni, huku feni ya kiyoyozi na redio vikifanya kazi, betri hutoa kila mara bila kurudishiwa yote iliyotoa. Haizimiki siku hiyo wala wiki hiyo. Inabaki na chaji pungufu kwa miezi, na katika hali hiyo chembechembe nyeupe zinazojitengeneza juu ya mabamba kila betri inapotumika, ambazo kwa kawaida huyeyuka inapochajiwa hadi kujaa, huganda na kuwa ngumu. Sehemu ya bamba iliyoganda hivyo haifanyi kazi tena. Dawa yake ni nyepesi: walau mara moja kwa wiki lipe gari safari ya nusu saa au zaidi bila kulizima, au kila baada ya mwezi mmoja au miwili ipeleke betri kwa fundi aichaji polepole mpaka ijae.

Adui wa pili ni joto, na wengi hawalihesabu kwa sababu tumezoea kusikia kwamba betri huteswa na baridi. Baridi hudhihirisha udhaifu wa betri, lakini joto ndilo linaloiua. Kwa kadirio linalotumiwa na mafundi, kila joto la betri linapozidi kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa huongezeka karibu maradufu; maji hupungua na vyuma vya ndani huliwa. Chini ya boneti ya gari lililoegeshwa juani Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, joto hupita kwa mbali lile la nje. Kivuli cha mwembe kinasaidia kweli, na vilevile lile koti au bamba la plastiki linalozunguka betri katika magari mengi ya Kijapani, ambalo baadhi ya mafundi hulitupa wakidhani ni pambo. Nawaomba mafundi wenzangu waache tabia hiyo.

La tatu ni umri wa betri ikiwa bado dukani. Betri huchakaa hata kama haijafungwa kwenye gari, na iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imekwisha kupoteza sehemu ya maisha yake kabla hujailipia. Tazama tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi hugongwa juu ya kifuniko au ubavuni. Ikiwa imepita miezi 6, mwombe muuzaji aipime mbele yako, na ikisoma chini ya volti 12.4 mwachie mwenyewe. Hakikisha pia kwamba ukubwa wake ndio wa gari lako. Ukiona maandishi kama 46B24L, ile 24 ni urefu wa betri kwa sentimeta, na herufi ya mwisho inaonyesha vichwa vya betri, yaani ncha za kufungia waya, vimekaa upande gani. Ukichukua R badala ya L, waya hazitafika, na ukizilazimisha utaunguza vifaa.

Kabla ya kununua nyingine, mwambie fundi umeme aipime hiyo ya zamani gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo. Kisha apime injini ikiwa inanguruma: magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, tatizo ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Mwisho apime wakati stata inazunguka. Betri iliyochajiwa ikajaa lakini ikashuka chini ya volti 9.6 hapo, hiyo imechoka kweli.

Swali: Ninafanya kazi Dodoma na gari langu hubaki nyumbani Tabora, mtaa wa Cheyo. Kila nikishuka kwenye treni baada ya wiki nne nakuta betri imelala kabisa, tunabusti kwa gari la jirani. Fundi amekagua hajaona hitilafu yoyote ya waya. Nifanye nini? *Msafiri, Tabora*

Jibu: Ndugu msafiri, huenda fundi wako amesema kweli. Gari lililozimwa na kufungwa bado linakula umeme kidogo: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini na king'ora vyote viko macho. Tuchukue kiasi cha miliampea 50, ambacho kwa gari la kawaida si kibaya. Kwa wiki nne, usiku na mchana, hizo zinafika zaidi ya ampea-saa 33 (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuubeba), na betri nyingi za magari madogo zina ampea-saa 35 hadi 45 tu. Hapo bado hujaongeza kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa baadaye, wala umeme unaopotea wenyewe ndani ya betri, ambao huongezeka wakati wa joto.

Kwa hiyo siku ya kuondoka, legeza nati ya kichwa cha hasi, chenye alama ya kutoa, uondoe waya na kuuweka kando mahali ambapo hautarudi kugusa. Anza na hasi siku zote na uirudishe mwisho, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche zitaruka pale pale. Hakikisha kwanza kwamba unaijua namba ya siri ya redio, ikiwa inayo, kwa maana huenda ikaidai umeme ukirudi. Kumwomba ndugu aliwashe gari dakika tano kila Jumapili, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii. Dakika hizo zinatumia umeme wa kuwasha bila kuurudisha wote. Kama yupo mtu mwenye leseni unayemwamini, ni heri alizungushe mpaka Ipuli na kurudi, kwa nusu saa nzima. Na usizoee kubusti, kwa maana kila mara betri inapolala mpaka mwisho kisha ikakaa siku kadhaa katika hali hiyo, yale magando niliyomweleza mama wa Mwanga hujijenga.

Swali: Huku Uvinza maji ya betri wakati mwingine hayapatikani. Jirani anasema niweke maji ya kisima yaliyochemshwa, mwingine anasema niongeze asidi ili betri ipate nguvu. Nimfuate nani? *Dereva, Uvinza*

Jibu: Usimfuate hata mmoja, ndugu yangu, na wewe wa Uvinza hasa. Nchi yenye chemchemi za chumvi kama hiyo yenu si mahali pa kuchota maji ya kutia kwenye betri, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapungua na chumvi inabaki, kwa hiyo yanazidi ukali. Chumvi hiyo hula mabamba. Asidi nayo haikauki ikatoweka, kinachopungua ni maji peke yake, na ndiyo maana ukiongeza asidi unaifanya iliyomo kuwa kali kupita kiasi. Gari litaonekana limechangamka kwa siku chache, kisha betri itakufa moja kwa moja. Asidi huongezwa na fundi tu, pale ilipomwagika.

Nunua chupa mbili za maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri unapopita mjini, uziweke nyumbani, na usome maandishi kabla ya kulipa, kwa kuwa asidi nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana nazo. Ukizidiwa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja angani kwa chombo safi cha plastiki, bila kupita kwenye bati, ni afadhali kuliko ya kisima. Jaza mpaka mabamba yafunikwe kwa takriban sentimeta moja, usijaze hadi mdomoni, na ikiwezekana ujaze baada ya kuchaji. Betri inayokunywa maji kila wiki inachajiwa kupita kiasi, pimisha altaneta. Usichungulie kwa kiberiti wala sigara, kwa sababu gesi ya haidrojeni inayotoka humo hulipuka, na asidi ikikuingia jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Swali: Asubuhi za Juni na Julai gari langu linasema tik-tik-tik haliwaki, mchana linawaka. Fundi anataka ninunue betri ya pili ndani ya mwaka. Naomba pia uniambie mambo ya kuangalia mwenyewe. *Mkulima wa tumbaku, Urambo*

Jibu: Mzee wangu, fungua boneti kwanza. Ukiona unga mweupe au wa kijani umevimba kwenye vichwa vya betri, umeme unapita kwa taabu, na asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, unashindwa kuzungusha stata. Kwa spana namba 10 ondoa hasi, kisha chanya. Koroga magadi ya kupikia, yale yale ya kulainishia maharage, kwenye maji ya uvuguvugu, usugue kwa mswaki wa zamani mpaka povu likome na risasi ing'ae, huku vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Suuza, kausha, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu. Fuata pia ule waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, kwa kuwa kutu ya pale huwa haionekani. Ukishafanya hivyo na tik-tik ikabaki, ndipo uzungumze habari za betri mpya.

Kuhusu mengine, pima oili asubuhi gari likiwa mahali tambarare, tazama maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, na upepo wa matairi ufuate kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Kwa njia za vumbi zinazoingia mashambani, kichujio cha hewa ndicho ninachokusisitizia: kitoe kila wiki wakati wa kiangazi, ukigongegonge kwa nje, na ukibadilishe kikishakuwa cheusi, kwa maana vumbi likipita hapo linasaga injini kutoka ndani.

Swali: Mimi ni mvuvi wa Kibirizi. Nina betri mbili zilizokufa. Naweza kuzipasua nikayeyusha risasi yake kutengeneza vizamisho vya nyavu? *Mvuvi, Kigoma*

Jibu: Ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo, na kama kuna jirani anayefanya, mweleze. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, huingia mwilini bila kuonekana na huathiri zaidi ubongo wa mtoto mdogo anayecheza kwenye udongo huo na kutia vidole mdomoni. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kiasi kwamba mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za nchi hiyo, na hicho kilikuwa kiwanda, si sufuria la uani. Asidi nayo ukiimwaga ufukweni inaingia katika ziwa lile lile unalovua.

Betri iliyokufa ina bei. Maduka mengi ya betri huipokea na kukupunguzia bei unaponunua mpya, na wanunuzi wa vyuma chakavu nao wanaichukua. Vizamisho vya nyavu nunua vilivyo tayari, na hizo betri mbili ziuze zikiwa nzima, ukizisafirisha wima, vifuniko vikiwa vimekazwa na vichwa vimefunikwa visigusane na chuma.